Kabla Hujaongeza CC: Maneno kwa Waendesha Pikipiki wa Milimani

(Niliyasema haya Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mbele ya waendesha pikipiki na mafundi vijana. Waliokosa pa kukaa siku ile waliomba yaandikwe. Nimepunguza matani, hesabu nimeziacha zote.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Bwana mtendaji, ahsante kwa ukumbi, na ahsante zaidi kwa kukubali tuingize pikipiki ndani. Najua sakafu imepigwa deki jana. Nimetandika boksi chini, na oili ikidondoka nitafuta mwenyewe.

Gereji kwangu haipiti wiki sijaambiwa neno hili: "Fundi, nataka kuiongezea nguvu." Kijana ana pikipiki ya cc 125, anapanda nayo mlima na magunia mawili ya karoti, amechoka kupitwa. Ameshasikia habari za bloku ya 150, yaani silinda yenye ujazo mkubwa zaidi, hata bei anaijua. Mimi simjibu. Namwambia aitie frii, bila gia, aisukume kutoka getini mpaka kwenye mti wa mparachichi, hatua kama thelathini, tambarare. Akifika pale anahema.

Namuuliza: umechoka na nini? Injini imezimwa, mzigo hakuna, mlima hakuna. Breki ya nyuma inagusa, cheni imekaza, beringi ya gurudumu la mbele imejaa kutu, tairi ina upepo nusu. Hicho ulichokisukuma wewe kwa mikono, injini inakisukuma kila siku kabla haijakubeba wewe, abiria wako na karoti. Injini ya namna hii ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 11. Hazikuwa nyingi tangu mwanzo, na sasa zinavuja njiani kama maji ya mfereji uliotobolewa na fuko. Wewe unataka kuongeza maji juu. Mimi nasema tushuke na mfereji tukazibe.

Ndiyo habari yangu ya leo, tutaanza chini na injini itakuja mwisho.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia chuma gani. Yamaha walipotoa DT-1 ya cc 250 mwaka 1968, wazo lilikuwa jepesi: pikipiki moja iende barabarani na ipite porini, na mtu wa kawaida aimudu. Wadogo zake, DT 100, 125 na 175, pamoja na Honda XL na Suzuki TS, ndizo wazee hapa mnazozikumbuka chini ya mabwana shamba. Mlio wake tulikuwa tunausikia ng'ambo ya bonde, mama anasema bwana shamba anakuja, tukimbie kung'oa majani kwenye kahawa. Siku hizi za Mchina ni nyingi, na ukizifungua nyingi utakuta injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, ile ambayo vali zake zinasukumwa na vijiti viwili virefu. Wengine wanaidharau. Mimi naishukuru, kwa sababu spea zake ziko mpaka kwenye duka linalouza vocha na sabuni.

Sasa kazi. Aliye karibu na pikipiki, inua gurudumu la mbele juu, mwenzako akalie nyuma. Shika shokapu zote mbili kwa chini, vuta kwako, sukuma. Mmesikia? Tok, tok. Hizo ni gololi za shingo ya usukani. Sasa geuza usukani taratibu kushoto na kulia. Pale katikati unanasa kidogo, kama mlango unaoingia kwenye kitasa. Gololi zimechimba vishimo kwenye bakuli lake, na vishimo vyote viko mahali pale ambapo usukani umenyooka, kwa sababu ndipo unapokaa siku nzima ukigongwa na mawe. Mwenye pikipiki hii aliniambia inamvuta, inataka kumwangusha kwenye matope, na alikuwa amepanga kununua tairi mpya. Bakuli na gololi zake wakati ule zilikuwa shilingi elfu kumi na mbili. Kazi ni saa mbili, na grisi usiifanyie ubahili.

Hapohapo niseme habari ya beringi. Wakati fulani nilinunua beringi za magurudumu zilizokuwa kwenye boksi zuri mno, maandishi yanang'aa. Wiki ya tatu zikaanza kulia. Tangu siku hiyo siombi tena "beringi ya mbele ya toyo", yaani ya pikipiki ya Mchina. Naitoa ya zamani, naifuta, nasoma namba iliyochongwa pembeni. 6301 ni tundu la milimita 12, nje 37, unene 12. 6302 ni 15, 42 na 13. Namba hizo ni zilezile dunia nzima, ziwe kwenye pikipiki, pampu ya maji au mota ya mashine ya kusaga. Kwa hiyo unaweza kwenda kwa muuza beringi wa kweli mjini, ukachagua iliyo bora, na mara nyingi tofauti ya bei ni ya soda mbili. Sili za oili nazo zina vipimo vyake vitatu usoni. Beba ile kuukuu mfukoni, au piga picha namba yake.

Tuje kwenye cheni. Hapa nitakaa, mnisamehe.

Wewe kijana mwenye shati la kijani, njoo. Pikipiki iko kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma linaning'inia. Shika cheni ya chini katikati, ipandishe na uishushe. Inacheza sentimita ngapi? Mbili. Wangapi humu wangesema iko sawa? Mikono juu. Haya, wengi. Sasa ishusheni kwenye stendi. Wewe kaa mbele. Mzee wangu wa pale, tafadhali, wewe ndiye mwenye mwili, kaa nyuma. Ahsante. Shika tena cheni ileile.

Haichezi. Imekuwa kama uzi wa zeze.

Sikilizeni ni kwa nini. Kuna vitu vitatu: spoketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni; pini inayoshika swingamu, ule mkono mrefu unaobeba gurudumu la nyuma; na ekseli ya nyuma, chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Gurudumu likining'inia, vitatu hivyo haviko kwenye mstari mmoja, ekseli iko chini. Ukikaa, ekseli inapanda. Vikifika kwenye mstari mmoja ulionyooka, hapo ndipo ekseli iko mbali kuliko popote na spoketi ya mbele. Cheni iliyokuwa inacheza inaishiwa urefu. Na kwa pikipiki zetu za porini, ambazo swingamu yake inapanda na kushuka sana, tofauti ni kubwa kuliko kwa pikipiki ya mjini. Kila shimo unalopiga na abiria, cheni inaivuta ile shafti ndogo ya spoketi kwa nguvu zote. Mtu ananilalamikia oili inavuja karibu na spoketi ndogo, kabadilisha sili mara tatu. Sili haina kosa. Beringi iliyo nyuma ya sili ndiyo imelegea, na aliyeilegeza ni yeye mwenyewe na spana yake namba 19.

Fanyeni hivi mara moja tu. Legeza shokapu za nyuma kwa chini, zitoe, inua gurudumu kwa mkono mpaka vile vitu vitatu vinyooke, ukitumia uzi kupimia. Hapo cheni iwe inacheza sentimita moja na nusu hivi. Rudisha shokapu, iache ining'inie, pima tena. Labda utapata nne. Andika namba hiyo kwa rangi kwenye swingamu. Kuanzia leo hicho ndicho kipimo cha pikipiki yako, achana na cha jirani.

Na cheni imekwisha lini? Msiniambie ikianza kupiga kelele. Nyingi za kwetu ni za saizi 428, pingili moja ni milimita 12.7. Ivute inyooke, hesabu pingili ishirini, pima kuanzia katikati ya pini mpaka katikati ya pini. Mpya ni 254. Ikifika 259, itoe pamoja na spoketi zote mbili. Ukiweka cheni mpya juu ya spoketi yenye meno kama ya papa, umeichinja cheni mpya.

(Hapa mmoja aliuliza: "Fundi, na spoketi ya mbele ya meno 13 vipi?")

Swali zuri, na ndilo linalojibu habari ya nguvu. Tuseme una 15 mbele na 45 nyuma. Gawanya, unapata 3. Weka 14 mbele, unapata 3.21. Umeongeza mvuto kwenye gurudumu kwa asilimia saba kwa bei ya sahani ya chipsi. Kuupata mvuto huo kwa kubadilisha ya nyuma ungehitaji meno 48, na spoketi kubwa ni ghali zaidi, tena huenda cheni ikawa fupi. Utapoteza mwendo wa lami, ndiyo. Lakini niambieni, kutoka hapa kwenda Mtae, nani anafika mwendo wa mwisho wa pikipiki yake? Kwa hiyo 14 nakuruhusu. 13 nakukataza, cheni inajikunja mno kwenye duara dogo, inakula meno na kusugua mpira wa swingamu. Ukitaka zaidi ya hapo, ongeza meno nyuma.

Breki. Wengi mna za dramu, zile zilizofungwa ndani ya kitovu cha gurudumu, na wengi mnaziona ni za kizamani. Dramu iliyosetiwa vizuri inasimamisha. Tazameni ule mkono mdogo wa chuma unaovutwa na waya pale kwenye gurudumu la mbele. Ukiminya breki mpaka mwisho, mkono huo na waya vinatakiwa vitengeneze pembe mraba, kama kona ya meza hii. Wa pikipiki hii umelala. Nguvu ya vidole inavuta waya kuelekea kwenye mhimili badala ya kuuzungusha mkono. Legeza boliti moja, chomoa mkono, urudishe nyuma jino moja, kaza. Bei yake sifuri. Nimeona watu waliokuwa tayari kununua breki ya diski wakaridhika na jino moja.

Lakini kwanza ufungue uone unene wa shuu, zile pedi za ndani zinazobana dramu. Kama zimeisha, usijidanganye kwa kurudisha mkono, maana ile kamu ndani, inayozisukuma shuu, itazunguka kupita kiasi, breki itashika na isiachie tena, na itachagua kufanya hivyo kwenye kona. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na mapafu hayana spea. Futa kwa kitambaa kibichi, kitupe.

Shokapu za mbele: nani humu amewahi kubadilisha oili yake? Mmoja. Wawili. Haya. Mwaka juzi nilifungua moja ya miaka tisa, ikatoka kama maji ya kuoshea sufuria za msibani. Ndani ya chuma kile kuna oili inayopita kwenye matundu madogo, hiyo ndiyo inayozuia pikipiki kurukaruka. Oili ikiwa maji, umepanda godoro la springi. Weka oili ya shokapu yenyewe, 10W, nyepesi, kwa anayetembea peke yake, 15W, nzito zaidi, kwa abebaye. Ujazo usikisie. Pande zote mbili ziwe sawa, ukipima kwa bomba la sindano.

Zikivuja, msikimbilie kubadilisha sili. Mara nyingi ni punje ya mchanga imekaa kwenye mdomo wa sili. Inua kifuniko cha vumbi, kata kipande cha chupa ya maji, laini, urefu wa kidole, ukitengenezee kindoana kwenye ncha, kiingize pembeni mwa sili na ukizungushe. Kitatoka na uchafu. Nusu ya zinazoletwa kwangu hupona hivyohivyo, na mimi nakosa pesa ya sili.

Mbele ikilala sana ukishika breki, springi imechoka. Kata kipande cha bomba la plastiki la maji, milimita 10 mpaka 15, kiwe na kipenyo cha springi, kipige msasa kingo zake, kiweke juu ya springi, katikati yao uweke washa, kile kipete bapa cha chuma, halafu kifuniko. Usizidishe sentimita mbili, springi itabana mpaka mwisho na utagonga chuma kwa chuma. Hayo ni maboresho ya pesa kidogo sana, na nayafanya hata kwenye pikipiki yangu.

Swingamu sitasema mengi. Nyingi zina bushi za plastiki, zikilika gurudumu la nyuma linapepesuka. Mkerezaji mwenye mashine ya leti atakukerezea za shaba kutoka kwenye bushi kuukuu za lori. Mwambie aache njia ya grisi. Umeme nao: kabla ya kununua betri, safisha waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye fremu. Kwaruza rangi mpaka uone chuma cheupe. Taa zitarudi.

Sasa injini, mliyokuwa mnaisubiri.

Hewa ya huku ni nyepesi. Mombo iko kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, sisi tuko karibu na 1,400. Pikipiki iliyosetiwa Tanga mjini ikifika hapa inapata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane, lakini kabureta inaendelea kuimiminia petroli ileile. Inazidiwa, inakohoa, plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mwenyewe anasema imepungua nguvu. Haijapungua, imeshiba vibaya. Shusha meni jeti, kile kitundu kikuu cha petroli ndani ya kabureta, namba moja au mbili, au pandisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja ili sindano ishuke. Tembea, panda mlima mrefu kwa mafuta mengi, zima hapohapo, toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia ya maganda ya karanga, umefika. Nyeupe, umepunguza mno, rudisha haraka kabla pistoni haijatoboka.

Na jeti ikiziba, nawaomba, msiichokoe kwa waya wa koili. Tundu lile limetobolewa kwa vipimo vya sehemu za milimita. Ukilichokoa mara tatu, jeti ya 95 imekuwa ya namba isiyojulikana, na hakuna fundi atakayekuambia kwa nini inakunywa mafuta. Tumia uzi wa nailoni wa mshipi, au pumzi ya kompresa.

Kuna mtindo wa kutoa sponji ya kuchujia hewa ili pikipiki "ipumue". Inapiga kelele nzuri, nakubali, hata mimi ninapoisikia nageuka. Kiangazi chetu vumbi jekundu linaingia kwenye silinda likiwa msasa kamili. Nimefungua injini ya mpenzi mmoja wa kelele, mpya kabisa alipoitoa dukani, haijamaliza msimu mmoja, ringi zimekuwa wembe. Osha sponji kwa sabuni na maji vuguvugu, iache ikauke kivulini, itie oili kidogo uikamue, rudisha. Ikichanika inunuliwe nyingine.

Oili ya injini. Ile injini ya CG inachukua takriban lita moja tu, na lita hiyo inalainisha kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Haina filta ya karatasi. Ina chujio la wavu, na ina kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya kranki upande wa kulia, kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Kikombe hicho nimewahi kukifungua kwenye pikipiki zaidi ya mia, na wachache sana niliowakuta walijua kipo. Ndani unakuta udongo mweusi mzito, umegandamana kama mfinyanzi. Kikijaa, uchafu hauna pa kwenda isipokuwa kwenye beringi za kranki. Siku unapofungua klachi kwa sababu yoyote, toa skrubu tatu za kikombe, kikwangue, kioshe kwa petroli. Na tapeti, ile nafasi ndogo ya vali: injini ikiwa ya baridi, milimita 0.08, vali zote mbili. Asiye na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, ajue karatasi ya kawaida ya ofisini ni kama 0.1. Karatasi ikipita bila kugusa, imelegea. Lakini fila geji ni bei ya chai na chapati nne, nunueni jamani.

Wenye DT na nyingine za stroku mbili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, hili ni lenu, na ni aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mbichi kwenye kazi, niliona pampu ya oili ya DT 125 inavuja. Badala ya kuitengeneza nikaitoa, nikawa nachanganya oili kwenye tangi. Watu wengi hufanya hivyo. Kutoka hapa mpaka Soni, salama. Kutoka Soni kushuka Mombo, mnaijua njia ile, genge upande mmoja na mto chini, nikaweka gia ya tatu nikaachia mafuta, injini inanizuia, najiona mjanja. Kabla sijafika chini gurudumu la nyuma likagoma ghafla. Niliburuzwa kama gogo mpaka kwenye mtaro. Nilipofungua silinda, alumini ya pistoni ilikuwa imejipaka ukutani kwa michirizi.

Kilichotokea ni hiki. Oili ikiwa ndani ya petroli, inaingia na petroli. Umeachia mafuta, petroli haiingii, kwa hiyo oili nayo haiingii, lakini mlima unaendelea kuizungusha injini kwa kasi. Ilikuwa inazunguka kavu. Ile pampu niliyoitoa inafuata pia mzunguko wa injini, ingeendelea kudondosha. Mwenye kuchanganya kwenye tangi, kwenye mteremko mrefu, kila baada ya muda shika klachi, vuta mafuta kidogo, achia. Au rudisha pampu. Mimi nilirudisha.

Moshi wa bluu: ukitoka asubuhi tu kisha ukaisha, angalia sili za vali. Ukitoka muda wote, ni ringi na silinda. Pistoni zinakuja kwa saizi za kuongeza 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1. Nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mkerezaji, akereze kufuata pistoni hiyo. Ukienda kinyume utarudi kwake na kulipa mara mbili.

Na ile bloku ya 150? Hesabu ni rahisi. Kwenye injini hizi mwendo wa pistoni ni milimita 49.5 kwa zote mbili. Ya 125 ina kipenyo cha 56.5, ya 150 ina 62. Inavutia, najua. Lakini shingo ya bloku ile haiingii kwenye tundu la injini yako, lazima utanue alumini, na ukishatanua huwezi kurudi nyuma. Joto linaongezeka, klachi ni ileile, dramu ni ileile. Nimefunga mbili maishani. Moja bado inatembea. Ya pili sitaki kuiongelea mbele ya mwenye nayo, maana namwona amekaa pale nyuma anacheka.

Nimalizie na pesa. Jirani yangu anayebeba kabichi alikuja na laki mbili, anataka bloku. Tukaziweka mezani. Gololi za usukani elfu kumi na mbili. Beringi za magurudumu elfu kumi na sita. Shuu mbele na nyuma kumi na nne. Cheni na spoketi arobaini, mbele tukaweka 14. Oili na sili za shokapu ishirini. Plagi elfu nne. Waya za klachi na breki kumi. Oili ya injini kumi. Sponji elfu tano. Hapo ni laki moja na thelathini na moja, bei za dukani kwetu wakati ule, na tairi ya nyuma ya meno ya matope ilikuwa sitini na tano. Ikabaki elfu nne, tukanywa chai. Kazi yangu alinilipa kwa kabichi. Ile kona ya juu ya Soni aliyokuwa anapanda kwa gia ya pili sasa anapanda kwa ya tatu, na cc ni zilezile 125.

Zile pikipiki tatu zilizoko uwani wenye nazo wamekubali tuzifungue leo. Nyekundu tunaanza na usukani. Ile yenye viti virefu tunapima cheni, na mzee wangu mwenye mwili nakuomba tena uje utukalie. Aliyekuja na spana namba kumi na nne asogee mbele, yangu imebaki gereji.